Dodoso la GAD-7: Linapima Ukubwa wa Wasiwasi, Halitambui Aina Yake

Ni zana chache za afya ya akili zilizosambaa duniani kama dodoso fupi la maswali saba liitwalo GAD-7 (GAD ni kifupi cha Kiingereza cha ugonjwa wa wasiwasi wa jumla). Linapatikana kwa Kiswahili, halichukui hata dakika tano kulijaza, halihitaji kifaa chochote zaidi ya kalamu, na mwishoni linampa aliyelijaza namba moja iliyo kati ya 0 na 21. Wapo wanaopewa na muuguzi wakiwa kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, wapo wanaolifungua kwenye simu usiku wa manane usingizi ukiwa umegoma, na wapo washauri nasaha wanaoanza nalo kila kikao. Tathmini hii inalikagua kama ambavyo ingekaguliwa bidhaa nyingine yoyote: limetengenezwa na nani, linafanya kazi gani vizuri, linakwama wapi, na nani atafaidika nalo. Hukumu yangu naitanguliza. GAD-7 ni kipimo kizuri cha ukubwa wa wasiwasi na ni kipimo dhaifu cha aina ya wasiwasi. Na kwa kuwa tiba hufuata aina, mtu anayelitumia bila kuzifahamu aina hizo atabaki na namba mkononi asijue aipeleke wapi.

Dodoso lilichapishwa mwaka 2006 na Robert Spitzer, Kurt Kroenke, Janet Williams na Bernd Löwe, baada ya kujaribiwa kwa watu wazima 2,740 waliohudhuria kliniki 15 za huduma ya msingi nchini Marekani. Spitzer si mtu wa kupitwa hivi hivi katika habari hii. Ndiye aliyeongoza kazi ya kuandika toleo la tatu la mwongozo wa Marekani wa kuainisha magonjwa ya akili, DSM-III, lililotoka mwaka 1980, na ni toleo hilo lililoivunja dhana kongwe ya "nyurosi ya wasiwasi", iliyokuwapo tangu enzi za Sigmund Freud, likatoa humo magonjwa mawili tofauti: ugonjwa wa hofu ya ghafla na ugonjwa wa wasiwasi wa jumla. Inashangaza kidogo, basi, kwamba mtu yule yule aliyezitenganisha aina ndiye aliyetuachia chombo ambacho katika matumizi ya kila siku huzirudisha zote ndani ya kapu moja. Simlaumu, kwa sababu kusudio lake lilikuwa ugonjwa mmoja, ule wa wasiwasi wa jumla, na hata jina la dodoso linasema hivyo. Ni sisi watumiaji tuliolipanua.

Jambo jingine ambalo mtumiaji anastahili kulijua ni kwamba kazi hiyo iligharimiwa na kampuni ya dawa ya Pfizer, ambayo wakati huo ilikuwa ikiuza sertraline kwa jina la Zoloft na alprazolam kwa jina la Xanax, dawa ambazo zote mbili huandikwa kwa wagonjwa wa wasiwasi. Nimeyasoma maswali yale kwa jicho la mashaka na sikuona swali lililopindishwa ili kumsukuma mtu kwenye vidonge. Hata hivyo, kampuni inayouza dawa ina sababu za kutosha za kupenda kuona wagonjwa wengi zaidi wakitambuliwa. Faida iliyotufikia sisi ni kwamba dodoso ni bure kabisa: ruhusa ya kulinakili, kulitafsiri na kulisambaza haihitajiki. Kwa hiyo yeyote anayekutoza fedha ili ujaze maswali hayo saba, au anayekutaka kwanza uache namba ya simu ndipo akuoneshe alama zako, anakuuzia kitu ambacho wenyewe walikitoa bila malipo.

Maswali yenyewe yanahusu wiki mbili zilizopita tu. Mtu anaulizwa amesumbuliwa mara ngapi na kuhisi wasiwasi au kutotulia, kushindwa kuzuia au kudhibiti wasiwasi, kuwa na wasiwasi kupita kiasi juu ya mambo mbalimbali, kupata shida ya kupumzika, kuhangaika kiasi cha kushindwa kukaa mahali pamoja, kukasirika upesi, na kuogopa kana kwamba jambo baya litatokea. Asiyesumbuliwa hata kidogo anapata 0, aliyesumbuliwa siku kadhaa anapata 1, zaidi ya nusu ya siku hizo 2, na karibu kila siku 3. Jumla ya 5 huhesabiwa kuwa wasiwasi mdogo, 10 wa kati, na 15 mkali. Chini kabisa lipo swali la nyongeza lisilo na alama, linalouliza ni kwa kiasi gani matatizo hayo yamefanya iwe vigumu kufanya kazi, kutunza nyumba na kuishi na watu. Watu wengi huliruka swali hilo kwa sababu halihesabiwi, na mimi naona ni miongoni mwa maswali yenye thamani kubwa kwenye karatasi nzima, maana wasiwasi usiomzuia mtu kuishi maisha yake haujawa bado ugonjwa.

Kwa kazi lililoundiwa, dodoso linastahili sifa. Katika utafiti wa awali, kizingiti cha alama 10 kiliwanasa asilimia 89 ya waliokuwa kweli na ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, na kikawaacha nje kwa haki asilimia 82 ya wasiokuwa nao. Siri iko kwenye swali la pili na la tatu, kwa sababu ndiyo yanayogusa kiini cha ugonjwa huu: wasiwasi hauna makao. Mgonjwa huamka akiwazia ada ya shule, kabla hajamaliza chai amehamia kwenye kikohozi cha mama yake kijijini, njiani anawaza kwa nini bosi jana hakuitikia salamu vizuri, na jioni, hata pale ada ikiwa imelipwa, mama amepona na bosi amecheka naye, akili inatafuta jambo jingine la kushika. Anachoka bila kufanya kazi nzito, shingo na mabega hukaza, usingizi hukatika. Ndugu humwambia aache kuwaza, na ushauri huo haumsaidii, kwa sababu kushindwa kuacha ndio ugonjwa wenyewe. Swali la pili linaliuliza hilo waziwazi, na nimeona watu wakisimamisha kalamu hapo kwa muda kabla ya kujibu.

Kasoro ya kwanza hata hivyo iko papo hapo. Mwongozo wa Marekani unataka wasiwasi huo uwe umedumu miezi 6 au zaidi, sharti lililowekwa mwaka 1987 baada ya toleo la 1980 kuridhika na mwezi mmoja tu, wakati dodoso linauliza wiki mbili. Mama anayesubiri majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye titi lake, au mzazi ambaye mwanawe yuko barabarani na simu haipatikani tangu juzi, anaweza kupata alama 16 kwa haki kabisa, na hana ugonjwa wowote. Ana tatizo, na tatizo lake linaogopesha. Dodoso halina namna ya kumtofautisha na mtu ambaye amekuwa hivyo tangu mwaka juzi bila sababu ya kuonekana.

Kasoro kubwa zaidi hujitokeza kwa ugonjwa wa hofu ya ghafla. Huu hauji kwa kuwazawaza. Mtu yuko kwenye daladala, au amelala, au anahesabu fedha dukani, na bila taarifa moyo unaanza kumwenda mbio, kifua kinabana, jasho linamtoka, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakuwa fupi, na anakuwa na hakika kwamba anakufa au anapata wazimu. Ndani ya dakika chache hali hufikia kilele chake, kisha hushuka yenyewe. Tukio moja la namna hiyo si ugonjwa. Watu wengi hupata moja au mawili maishani wakasahau. Ugonjwa ni pale ambapo matukio yanajirudia na mtu anakaa mwezi au zaidi akiogopa tukio lijalo, akibadilisha njia, akiacha kahawa, akiacha mazoezi kwa sababu mapigo ya moyo ya mazoezini yanafanana na yale ya siku ile. Yapitie tena maswali saba na utaona kwamba hakuna hata moja linalouliza juu ya moyo, kifua, pumzi au dakika zile chache. Haishangazi kwamba kwa ugonjwa huu uwezo wa dodoso unashuka: kwa kizingiti kile kile cha 10 liliwanasa asilimia 74, maana yake takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alipita bila kuonekana.

Mgonjwa huyo anayepita ndiye anayetuhusu hasa katika mazingira yetu. Hukimbizwa hospitali usiku, hupimwa presha na umeme wa moyo, huambiwa kwamba moyo ni mzima na hana kitu, kisha hurudishwa nyumbani. Neno la kwamba hana kitu humuumiza kuliko ambavyo lingemfariji, kwa kuwa yeye anajua alichokipata. Hapo ndipo anapoanza safari ya maduka ya dawa, ya wataalamu wa moyo wengine, ya maombezi na ya waganga, kila mmoja akiwa na jina lake la tatizo. Kama angekutana na mtu anayeijua aina hii, angepewa tiba ambayo haifanani hata kidogo na ile ya mwenye wasiwasi wa jumla: mtaalamu humfanya azitafute zile dalili kwa makusudi, akimbie papo hapo mpaka moyo udunde, azunguke kwenye kiti mpaka apate kizunguzungu, avute pumzi kupitia mrija mwembamba, akiwa chumbani salama, hadi ubongo wake ukubali kwamba moyo unaodunda ni moyo unaodunda tu. Mwenye wasiwasi wa jumla hahitaji kuzungushwa kwenye kiti. Alama 13 kwenye karatasi haimwambii mtoa huduma yupi ni yupi.

Hofu ya ghafla mara nyingi huzaa jamaa yake, woga wa mahali ambapo ni vigumu kutoka au kupata msaada: basi lililojaa, foleni ya benki, kivuko cha Kigamboni, uchochoro wa Kariakoo mchana wa Jumamosi, wakati mwingine hata kutoka nyumbani peke yake. Na hapa naligusa lile ninaloliona kuwa udhaifu wa msingi wa dodoso, uzito wake ukizidi asilimia zote. GAD-7 inapima maumivu yanayohisiwa, haipimi maisha yaliyosinyaa. Mtu aliyeacha kupanda daladala, anayetuma mtoto sokoni na kuingia kanisani au msikitini kwa sharti la kukaa karibu na mlango, amefanikiwa kuikwepa hofu yake. Wiki mbili zake zilizopita zinaweza kuwa tulivu kabisa, na alama zake zikawa 4. Karatasi itasema ni mzima, ilhali dunia yake imebaki kuwa ua wa nyumba.

Hali ni hiyo hiyo kwa wasiwasi wa mbele za watu, ambao dodoso liliunasa kwa asilimia 72 tu. Mgonjwa wa aina hii anaogopa kutazamwa na kuhukumiwa: kuzungumza kwenye kikao cha harusi, kula mbele ya wageni, kusaini mbele ya karani, kupiga simu wengine wakisikia, kuuliza swali darasani. Kwa kawaida huanza katika umri wa balehe, na kwetu hufichwa vizuri mno na malezi, kwa kuwa kijana mkimya husifiwa kwa adabu, na msichana asiyeinua macho husifiwa zaidi. Sina ugomvi na kuona haya. Mwenye haya akiitwa kutoa shukrani atasita, atasimama, atasema maneno mawili na kuketi. Mwenye ugonjwa huu ataanza kuharisha siku tatu kabla, na akiweza atatafuta msiba wa kusingizia ili asifike. Na wapo walioacha chuo mwaka wa mwisho kwa sababu ya utetezi wa tasnifu mbele ya watu watano. Kwa kuwa hofu yake inaamshwa na hadhira, wiki mbili za likizo zinatosha kumshusha alama.

Woga wa kitu mahususi, kama nyoka, vimo virefu, radi au sindano, ndio unaoonekana kuwa mwepesi, na kwa upande wa tiba kweli una matokeo mazuri, kwani mtu akisogezwa kidogo kidogo kwenye kile anachokiogopa, kwa utaratibu na kwa ridhaa yake, wengi hupata nafuu. Lakini hata ndani ya kundi hili dogo, aina ina uzito wake. Katika woga mwingine wote presha ya damu hupanda. Katika woga wa damu na sindano hupanda kidogo kisha huporomoka, na mtu huzimia. Kumwambia mtu huyo alegeze mwili na avute pumzi taratibu, ushauri ambao kila mmoja wetu angeutoa kwa nia njema, ni kumsaidia kuanguka. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, ndiye aliyeijenga njia ya kinyume chake katika miaka ya 1980: mgonjwa hukaza misuli ya mikono, kifua na miguu mpaka uso upate joto, hulegea kidogo, hukaza tena, na presha hubaki juu kiasi cha kutozimia. Mjamzito anayekwepa kliniki kwa hofu ya kutolewa damu angefaidika na somo hilo la dakika chache kuliko mahubiri marefu. Kwenye GAD-7 huenda asipate hata alama 3.

Aina mbili zilizobaki katika orodha rasmi hazina cha kutafuta kwenye dodoso hili la watu wazima, kwa hiyo nazipitia upesi: wasiwasi wa kutengana na mtu wa karibu, ambao tangu mwaka 2013 mwongozo wa Marekani umekubali kwamba unaweza kuwapata pia watu wazima, na ububu wa kuchagua, ambapo mtoto anayepiga soga nyumbani hatamki neno shuleni kwa zaidi ya mwezi, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa kuanza shule. Mtoto wa namna hii huchapwa kwa kiburi. Mwalimu akijua kwamba ni hofu, fimbo itakaa pembeni.

Yapo pia magonjwa mawili ambayo wengi wetu bado tunayaweka ndani ya kundi la wasiwasi ilhali miongozo imeyatoa. Toleo la DSM la mwaka 2013 liliuhamisha ugonjwa wa mfadhaiko baada ya janga na ule wa fikra na matendo ya kujirudia, likayapa sura zake yenyewe, na uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika rasmi Januari 2022, umefuata njia hiyo hiyo. Kwa mfadhaiko wa baada ya janga, dodoso liliwanasa asilimia 66 tu. Kwa fikra za kujirudia, mfano ulio karibu na wasomaji wa Pwani ni wa mtu anayerudia udhu mara nyingi kiasi kwamba wakati wa swala unampita, akiwa na shaka kwamba maji hayakufika kwenye kisigino, ingawa imamu amekwisha kumweleza kwamba udhu wake ni sahihi. Mtu huyo atapata alama za kati, ataambiwa ana wasiwasi, na ataelekezwa kupumzika. Tiba yake halisi ni kuzuiwa kwa upole asirudie, akivumilia shaka hiyo mpaka ipoe, na imamu mwenye busara anaweza kuwa msaidizi mkubwa wa mtaalamu katika kazi hiyo.

Sasa nirudi kwenye mwili, kwa sababu ndipo Waswahili tunapoanzia. Anayesumbuliwa na wasiwasi kwetu haendi zahanati kusema kwamba ana wasiwasi. Anakwenda kusema kichwa kinauma, tumbo linawaka, moyo unadunda, mwili hauna nguvu, usingizi hakuna. GAD-7 haiulizi hata moja kati ya hayo. Kwa upande huu dodoso la zamani zaidi la Shirika la Afya Duniani, SRQ-20, linalishinda: lina maswali 20 ya ndiyo au hapana, nalo linauliza juu ya maumivu ya kichwa, hamu ya kula, usingizi, kutetemeka kwa mikono na usagaji wa chakula, na juu ya hayo linauliza kama mtu amepata wazo la kuutoa uhai wake. Ubaya wake ni kwamba linachanganya wasiwasi na sonona pamoja, hivyo kuhusu aina halisaidii zaidi. Zimbabwe walikwenda hatua mbele kwa kutunga dodoso lao la maswali 14 lililotokana na namna Washona wenyewe wanavyoeleza kusumbuliwa na mawazo mengi, na dodoso hilo ndilo lililotumika katika mradi wa benchi la urafiki ulioanzishwa na Dixon Chibanda, ambapo wanawake wazee wa mtaani waliopewa mafunzo huketi na mgonjwa nje ya kliniki. Ningependa kuliona la Kiswahili lililozaliwa kwa njia hiyo.

Hilo halina maana kwamba toleo la Kiswahili la GAD-7 ni la kubahatisha. Lilichunguzwa huko Kilifi, Kenya, miongoni mwa watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kwamba maswali yake yanashikamana na kupima kitu kimoja, kama ilivyokusudiwa. Huo ni ushahidi wa maana, na ni zaidi ya ule ulio nyuma ya madodoso mengi yanayozunguka kwenye simu zetu.

Tuchukue sasa hesabu ndogo ambayo kila anayesambaza dodoso hili angepaswa kuifanya kwanza. Tuseme watu 1,000 wa mtaa mmoja wamelijaza, na tuseme 50 kati yao wana ugonjwa wa wasiwasi wa jumla. Kwa asilimia 89, dodoso litawanasa kama 45. Katika 950 waliobaki, asilimia 18 watavuka kizingiti bila kuwa na ugonjwa huo, nao ni 171. Kwa hiyo waliovuka alama 10 ni watu 216, na wenye ugonjwa uliokuwa ukitafutwa ni karibu mmoja kati ya watano. Wengine watakuwa na aina nyingine ya wasiwasi, au sonona, au maisha magumu tu. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe hawakusema kwamba alama 10 ni ugonjwa. Walisema ni sababu ya kuchunguza zaidi. Mwaka 2023 jopo la Marekani linalotoa miongozo ya huduma za kinga lilipendekeza watu wazima wasiozidi miaka 64 wapimwe wasiwasi, lakini pendekezo kama hilo lina maana pale tu ambapo nyuma ya karatasi yupo mtu wa kufanya uchunguzi huo. Mahali ambapo daktari wa magonjwa ya akili yuko umbali wa nusu siku kwa basi, karatasi peke yake inaweza kuwaachia watu 171 jina la ugonjwa wasiokuwa nao.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo dodoso halikuahidi, na hata hivyo mtumiaji asiyeyajua huenda akaumia. La kwanza, halina swali lolote kuhusu kujidhuru. Anayejisikia kuchoka na uhai atapata alama zake kimya kimya bila mtu kumuuliza neno, na kwa hiyo kliniki makini huliweka sambamba na PHQ-9, dodoso la sonona la watafiti wale wale, ambalo swali lake la tisa linaligusa jambo hilo. Mwenye mawazo hayo asisubiri karatasi yoyote. Amweleze mtu aliye karibu naye na afike hospitali siku hiyo hiyo. La pili, halitofautishi wasiwasi unaotoka akilini na ule unaotoka kwingine mwilini: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, dawa ya pumu ya kuvuta, kahawa nyingi, mirungi, au kuacha pombe ghafla, vyote vinaweza kumpa mtu moyo wa mbio, kutetemeka na kutotulia, na vyote hupatikana kwa daktari anayeuliza na kupima.

Na kwa kuwa nimelitaja duka la dawa, niongeze neno. Mtu anayejipima, akaona 15, kisha akaenda kununua diazepamu kwa kuambiwa na rafiki, atapata nafuu ya usiku mmoja na hatari ya kuizoea dawa hiyo ndani ya wiki chache. Dawa zinazopendekezwa kwa muda mrefu ni za kundi la sertraline, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonesha kazi yake na huhitaji kuandikwa na kufuatiliwa na daktari.

Ni nani basi alitumie? Kwanza kabisa ni mtu ambaye amekwisha kuonwa na mtaalamu na aina yake inajulikana kuwa ni wasiwasi wa jumla. Kwake ni daftari bora la kufuatilia tiba, akilijaza kila baada ya wiki mbili, asishtuke kwa alama moja au mbili za kupanda na kushuka, akitazama mwelekeo wa miezi. Linamfaa pia muuguzi wa zahanati yenye msongamano, kama njia ya kufungua mazungumzo. Halimfai mwajiri anayetaka kuchuja wafanyakazi, wala shule inayotaka kuwapanga wanafunzi, na nimesikitika kuona likitumika hivyo.

Anayelijaza mwenyewe nyumbani kabla ya kwenda kliniki namshauri aigeuze karatasi na kuandika upande wa nyuma yale ambayo mbele hayakuulizwa: kama hofu yake huja kwa dakika chache na kuondoka au hukaa siku nzima, huamshwa na kitu gani au mahali gani, ilianza lini, mwili humfanya nini inapokuja, na hasa ni mambo gani ambayo zamani alikuwa akiyafanya na sasa ameyaacha ili asiipate. Aandike na dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba. Daktari mwenye dakika kumi za kumsikiliza ataanza kusoma upande huo.